Ukuta Kabla ya Mabati

Ukilelewa Kawangware, unaulizwa mapema sana: ushago ni wapi? Kwa wengi wetu, ni magharibi. Desemba tunapanda basi la usiku, tunasinzia, tunaamka Busia. Tunakula kuku, tunasalimia wazee, tunarudi mtaani. Na hapo karibu, kwenye vilima vya Chelelemuk, kuna mwamba unaoitwa Kakapel ambao wengi wetu hatujawahi kuufikia.

Umeinama kama paa. Watu walikaa chini yake miaka kama 9,000 iliyopita. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba kunde zilizochimbuliwa pale zina umri wa miaka 2,300 hivi. Kunde, bana. Zile zile za mama mboga.

Sasa tazama ukuta wenyewe. Kuna maduara ndani ya maduara, ambayo inaaminika yalichorwa na wawindaji wenye undugu na Batwa. Kuna pia ng'ombe, kazi ya wafugaji waliokuja baadaye. Waliukuta ukuta una wenyewe, wakaongeza yao, na ya kwanza bado yanaonekana. Jamii moja ikafuata nyingine, lakini ukuta ukaziweka zote.

Ndiyo maana nikiwa Kakapel nawaza Kibera. Mapema 2008, mtaa ukiungua baada ya uchaguzi, msanii Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alishika brashi akaandika ujumbe wa amani kwenye kuta, mabati, hata barabarani. Watu walikuwa wanauana kwa sababu ya kabila, na yeye akaandika mahali ambapo kila mtu lazima apite. Hiyo nayo ni historia, sawa na wale ng'ombe.

Tofauti ni kwamba mwamba hausukumwi. Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kufungua barabara. Maelfu ya watu walipoteza nyumba, na kuta zikaenda na chochote kilichokuwa kimeandikwa juu yake. Kakapel inalindwa na sheria kama turathi ya taifa. Mabati yetu hayalindwi na mtu.

Kwa hivyo, kabla rangi mpya haijapakwa, piga picha ya ukuta wa kwenu. Uliza nani aliandika, mwaka gani, na palikuwa na nini siku hiyo. Halafu Desemba, ukishuka Busia, kabla ya kuku, uliza njia ya Kakapel.