Ruzuku za Miradi ya Chakula ya Jamii (Marekani)

Ruzuku za Miradi ya Chakula ya Jamii ni fedha ambazo serikali kuu ya Marekani hutoa kwa ushindani kwa vikundi visivyogawana faida vinavyopambana na njaa katika maeneo yao. Zilianzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1996, na leo husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Chakula na Kilimo, yaani NIFA, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo. Misaada mingi ya chakula hulenga mlo wa leo. Ruzuku hizi zinalenga kuiachia jamii shamba, jiko, soko au ujuzi utakaoendelea kufanya kazi fedha za serikali zikishakwisha, na ni kwa kipimo hicho zinapaswa kuhukumiwa.

Chimbuko

Hadi miaka ya 1980, serikali ya Marekani ilikabili njaa kwa njia kuu mbili: stempu ambazo familia zenye kipato kidogo zilitumia kununulia chakula dukani, na ugawaji wa mazao ya ziada yaliyonunuliwa ili kulinda bei ya mkulima. Desemba 1981 Rais Ronald Reagan aliruhusu jibini ya ratili milioni 30, karibu tani 13,600, itolewe kwenye maghala ya serikali igawiwe wahitaji. Kazi ya kugawa iliyaangukia makanisa, vikundi vya mtaa na benki za chakula, yaani maghala ya hisani yanayokusanya chakula kwa ajili ya wahitaji, ambayo la kwanza lilianzishwa na John van Hengel mjini Phoenix, Arizona, mwaka 1967. Ugawaji huo wa dharura ulipewa sheria yake mwaka 1983 kama hatua ya muda, lakini haukukoma.

Foleni za wahitaji nazo hazikwisha. Mwaka 1994 watetezi wa wakulima wadogo, waendeshaji wa bustani za mijini, wataalamu wa lishe na watu wa benki za chakula waliungana kudai jambo jipya: mtaa wenye njaa usaidiwe kujenga njia zake wenyewe za kupata chakula. Dai hilo liliingia katika sheria ya kilimo iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 4 Aprili 1996, likawa kifungu cha 25 cha sheria ya stempu za chakula.

Kiasi cha fedha

Kwa mwaka wa kwanza sheria ilitenga dola milioni 1, kisha milioni 2.5 kila mwaka. Sheria ya kilimo ya 2002 ilipandisha kiwango hadi milioni 5, ile ya 2014 ikakifikisha milioni 9, na ile ya 2018 ikakirudisha kwenye milioni 5. Fedha hizi ni kidogo mno. Mpango wa SNAP, uliorithi stempu za chakula, uligharimu takriban dola bilioni 100 mwaka 2024. Maana yake ni kwamba kwa kila dola 20,000 za SNAP, miradi ya jamii ilitengewa dola moja.

Wanaostahili na masharti

Wanaoweza kuomba ni mashirika binafsi yasiyogawana faida, mashirika ya makabila ya wenyeji asilia, na watoa huduma za chakula za umma. Tangu 2014 sheria inawataja pia waokota masazo, yaani vikundi vinavyokusanya mazao yaliyobaki shambani baada ya mavuno, au chakula ambacho kingetupwa, na kukipeleka kwa wahitaji. Mwombaji huonyesha uzoefu katika kazi ya chakula, mafunzo ya ajira na biashara katika mitaa ya kipato cha chini, au juhudi za kupunguza njaa. Wakazi wanaolengwa wanatarajiwa kushiriki kuanzia hatua ya kupanga.

Katika matangazo ya miaka ya karibuni, ruzuku ya upangaji imekuwa na kikomo cha dola 35,000. Ya utekelezaji haizidi dola 125,000 kwa mwaka, wala dola 400,000 kwa mradi wote wa hadi miaka minne. Maandiko ya miradi hutumwa kwa mtandao, hupitiwa na jopo la wataalamu, na sehemu tu ya waombaji hufaulu.

Mchango wa mwombaji

Sharti zito kuliko yote ni hili: kwa kila dola ya serikali kuu, kikundi kilete thamani ya dola moja kutoka kwingine, iwe taslimu au kwa vitu na huduma. Kikundi kinachoomba dola 100,000 kinaweza kuhesabu kodi ya jiko ambalo kanisa limekiazima, kiwanja cha bustani kilichotolewa na manispaa, matumizi ya gari la jokofu la benki ya chakula, na saa za watu wanaojitolea kupalilia. Lakini kila kimoja kinadai ushahidi. Mwenye jiko huandika barua yenye sahihi inayotaja thamani yake kwa mwezi, na saa za wanaojitolea huorodheshwa tarehe kwa tarehe na kukadiriwa kwa ujira wa kazi kama hiyo katika eneo hilo. Kumbukumbu zisipokamilika, mkaguzi anaweza kuukataa mchango.

Sheria imeweka sharti hilo kwa sababu inataka fedha ya serikali iwe ya kuanzia, na mradi ujitegemee baadaye. Ila uzito wake haulingani kwa wote. Kikundi chenye mhasibu na wafadhili hulitimiza. Kikundi cha akina mama wanaopika chakula cha jioni kwa watoto wa mtaa, kisicho na hata karani, kinaweza kushindwa kabla ya andiko lake kusomwa.

Programu zilizofuata

Mwaka 2014 Bunge la Marekani lilianzisha ruzuku nyingine ya dola milioni 100 kwa miaka mitano, ya kuwawezesha wateja wa SNAP kununua matunda na mboga zaidi. Mwaka 2018 ilipewa jina la Gus Schumacher, aliyewahi kuwa afisa mwandamizi wa Wizara ya Kilimo. Mfano wa kazi ya ruzuku hii ni mpango wa Double Up Food Bucks, ulioanza Detroit mwaka 2009 kabla ya ruzuku hiyo kuwapo. Mteja anayetumia dola 10 za SNAP kwenye soko la wakulima hupewa nyongeza ya dola 10 za kununulia matunda na mboga. Faida humfikia mwenye njaa na mkulima kwa wakati mmoja.

Hali ya sasa

Kwa takwimu za Wizara ya Kilimo, mwaka 2023 watu milioni 47.4 nchini Marekani waliishi katika kaya zisizo na uhakika wa chakula, na kaya hizo zilikuwa asilimia 13.5 ya kaya zote. Machi 2025 wizara hiyo ilifuta programu mbili zilizokuwa zikiwezesha shule na benki za chakula kununua mazao ya wakulima wa karibu, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1. Septemba mwaka huohuo ilitangaza kusitisha ripoti yake ya kila mwaka ya uhakika wa chakula, ambayo vikundi vingi vilitegemea kuthibitisha ukubwa wa tatizo katika maombi yao.

Haki ya mgawo wa ruzuku hizi bado inaweza kuboreshwa, na mfano umo ndani ya sheria ileile ya kilimo ya 2018. Ruzuku zake za matunda na mboga zinazoandikwa na daktari kama tiba hazimdai mwombaji mchango wowote. Sharti la dola kwa dola lilikuwa uamuzi wa watunga sheria, nao wana uwezo wa kulilegeza kwa vikundi vidogo, ambavyo mara nyingi ndivyo vilivyo karibu zaidi na wenye njaa.