Mshale wa Sentimita 30

Mwaka 1861 Paul Du Chaillu alichapisha mjini London kitabu kuhusu safari zake katika misitu ya Gabon, na watu wakagombea kukisoma kwa sababu ya gorila. Mnyama huyo alikuwa bado ni kama hadithi kwa Wazungu wengi, na ubishi juu yake ukapamba moto: je, Du Chaillu alimwona kweli, au alitia chumvi? Mimi nilikifungua kwa sababu nyingine. Nilikuwa natafuta silaha za uwindaji za Afrika ya Kati kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na katika kurasa zake kuhusu Wafang nikakutana na upinde ambao sikuutarajia.

Si upinde huu tunaoujua, wa kuvuta kwa mkono mmoja na kuulenga kwa mwingine. Huu umefungwa mbele ya mti mrefu, kama mtutu na kitako cha bunduki. Niuite upinde wa kitako. Mpigaji huketi chini, huweka nyayo zote mbili katikati ya upinde, na kuivuta kamba kwa mikono miwili hadi inase kwenye pengo lililochongwa juu ya mti. Mti wenyewe umepasuliwa kwa urefu, nusu ya juu na nusu ya chini, na kabari ndogo huzitenganisha. Ukitaka kupiga, unachomoa kabari na kuzibana nusu mbili pamoja. Kijiti kilichopachikwa nusu ya chini kinapanda, kinaisukuma kamba kutoka penguni, na mshale umeondoka. Hakuna chuma hata kidogo katika mtambo huo.

Du Chaillu aliona mishale ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na urefu wa futi mbili hivi, yaani sentimita 60, yenye vigumba vizito vya chuma vilivyotiwa miiba. Ya pili ilikuwa vijiti tu vya sentimita 30, vilivyochongwa ncha na kupakwa sumu. Vilikuwa vyepesi mno kiasi kwamba upepo ungeweza kuvipeperusha kabla ya kupiga, kwa hiyo mwindaji alibeba bonge la utomvu na kupaka kidogo mahali ambapo kijiti kingelala. Na ndivyo hivyo, si vile vizito vya chuma, alivyoviona kuwa hatari zaidi.

Hapo ndipo niliposimama. Upinde ambao mtu mzima anauvuta kwa miguu miwili, halafu anaupa kazi ya kurusha kitu ambacho pumzi yako ingekiangusha. Kwa mtu aliyesoma historia ya silaha za Ulaya jambo hili halina mantiki. Kule, kadiri upinde wa kitako ulivyozidi kuwa na nguvu, ndivyo mshale wake ulivyozidi kuwa mfupi, mnene na mzito. Pinde zikatengenezwa kwa chuma cha pua, zikavutwa kwa mitambo yenye meno, kwa sababu kazi ya mshale ilikuwa kupenya: kupenya ngozi ya nguruwe mwitu, au fulana ya chuma ya askari. Mwaka 1139 Baraza la pili la Laterani lilipiga marufuku wapiga upinde kuutumia ustadi wao dhidi ya Wakristo wenzao, marufuku ambayo wafalme waliisikia na kuendelea na shughuli zao. Wawindaji wa Ulaya nao walichagua mishale kwa kuangalia kichwa chake. Kichwa butu kwa ndege, ili manyoya yasiharibike. Kichwa kipana chenye makali kwa mnyama mkubwa, ili damu itoke kwa wingi.

Sasa mweke mwindaji huyo wa Ulaya chini ya miti ya Gabon. Mawindo yake ni kima, juu kabisa kwenye matawi. Mshale mzito wa chuma ukikosa, umepotea, na chuma ni mali. Mhunzi hakukupa bure. Ukimpata kima vibaya, atakimbia matawini na jeraha lake, na wenzake wote watajua. Kijiti kinatengenezwa kwa dakika chache kutoka kwenye ubavu wa jani la mchikichi, kinapewa bawa la kipande cha jani lililopachikwa nyuma, na mwindaji anaweza kubeba makumi ya vijiti hivyo bila kuchoka. Kikikosa, kinaanguka kama kijiti kingine chochote cha msituni na kundi la kima linaendelea kula. Mpaka leo watu wa Aka, katika misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo, wanajulikana kwa kuwawinda kima kwa upinde wa namna hii.

Kwa maneno mengine, kijiti hakikuchaguliwa kiue. Kilichaguliwa kifike. Kuua ilikuwa kazi ya kitu kingine.

Wasomi wa Ulaya walipokuja kuujadili upinde huu, waliuuliza swali moja tu: umetoka wapi? Mwaka 1909 Henry Balfour, msimamizi wa jumba la makumbusho la Pitt Rivers huko Oxford, aliandika makala akijenga hoja kwamba pinde za kitako za Afrika Magharibi zilitokana na zile za Ulaya, zilizoletwa pwani na mabaharia. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa ule mti uliopasuliwa. Alionyesha kwamba namna ileile ya kufyatua ilikuwa bado ikitumika Norway. Sina ugomvi na hoja hiyo. Pwani ya Gabon ilikuwa na meli za Ulaya tangu karne ya 15, na vitu husafiri. Ninachokataa ni hitimisho ambalo huwa linafuata kimyakimya: kwamba kilichobaki mikononi mwa Wafang ni nakala dhaifu, upinde wa kitako uliopoteza chuma chake na nguvu yake. Anayesema hivyo ameupima upinde na kuusahau mshale.

Na ajabu ni kwamba hata Norway kwenyewe mambo hayakuwa tofauti sana. Katika ghuba nyembamba karibu na Bergen, hadi mwishoni mwa karne ya 19, wavuvi waliwafungia nyangumi wadogo ndani kwa nyavu, kisha wakawapiga kwa mishale ya chuma kutoka kwenye pinde za kitako. Mshale wa namna hiyo hauwezi kumwangusha nyangumi. Lakini wavuvi hawakuiosha mishale yao. Iliyokwisha kuua ilitunzwa na kutu yake na mabaki ya nyama yake, na ndiyo iliyothaminiwa; waliiita mishale ya kifo. Baada ya siku moja au mbili nyangumi alianza kulegea, na hapo ndipo walipomkaribia. Wataalamu wa bakteria waliochunguza walikuta kwamba jeraha lilikuwa limeambukizwa vijidudu kutoka kwa nyangumi aliyetangulia. Mvuvi wa Bergen na mwindaji wa Gabon walikuwa wamefikia uamuzi mmoja, na hakuna anayemwita yule wa Bergen mrithi wa teknolojia iliyodhoofika.

Turudi kwenye sumu, maana hapo ndipo habari hii inapofika kwetu.

Sumu ya Gabon ilitoka kwenye mbegu za mimea ya jamii ya Strophanthus, mitambaazi yenye maua ya petali ndefu kama nyuzi. Mimea ya ukoo huohuo ilitumika upande wa mashariki pia. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza 1858, aliikuta sumu ya mishale inayoitwa kombe katika nchi ya mto Shire, akachukua sampuli. Hadithi inayorudiwa katika vitabu vya famasia ni kwamba mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu hiyo. Alipopiga mswaki akasikia uchungu mdomoni, na baadaye akagundua mapigo ya moyo wake yamepungua. Sampuli zilifika kwa Thomas Fraser huko Edinburgh, naye akatenga dutu aliyoiita strofanthini. Kufikia 1885 alikuwa akiwatangazia madaktari wenzake kwamba ni dawa ya moyo. Muda si mrefu kampuni za dawa zilikuwa zikiiuza kwenye chupa. Kirk mwenyewe ndiye yuleyule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliyemshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa.

Naipenda hadithi ya mswaki, lakini naishuku kazi inayoifanya. Inamfanya Kirk agundue kwa bahati jambo ambalo watu waliompa sampuli walikuwa wanalijua kwa makusudi. Mtu anayepika sumu, akaipima, akajua mnyama ataanguka baada ya hatua ngapi na kwamba nyama yake italiwa bila madhara, huyo hakusubiri mswaki.

Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, alitenga dutu nyingine kutoka kwenye mti ambao Wasomali waliutumia kwa mishale. Aliita uabaini, kutokana na neno la Kisomali, waabaayo. Mwaka huohuo akaikuta dutu ileile katika mbegu za Strophanthus za Gabon. Wasomali na Wafang hawakuwahi kukutana. Mti mmoja ni wa nyika kavu, mmea mwingine ni wa msitu wa mvua. Na mti wa Wasomali ni ndugu wa karibu wa mti tunaouita kwa Kiswahili msunguti.

Uabaini huzuia pampu ndogo zinazotoa sodiamu ndani ya seli. Sodiamu ikijaa, kalsiamu nayo huongezeka, na msuli wa moyo hujikaza kwa nguvu zaidi. Kipimo kidogo kinausaidia moyo uliochoka. Kikizidi, moyo unapoteza mpangilio na kusimama. Kwa njia ya tumbo hainyonywi kwa urahisi, ndiyo maana mwindaji aliweza kula nyama aliyoiua kwayo. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alichapisha utafiti wake kuhusu kimeng'enya kinachoendesha pampu hizo, na uwezo wa uabaini kukizima ukawa miongoni mwa vithibitisho kwamba hicho ndicho chenyewe. Alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1997.

Miaka hiyohiyo, 1956 na 1957, serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa ikiendesha kampeni kubwa dhidi ya majangili katika Hifadhi ya Tsavo, iliyotangazwa 1948 juu ya ardhi ambayo Waata walikuwa wakiwinda ndovu. Waata, ambao majirani na maofisa waliwaita Waliangulu, walikuwa na jibu lao kwa swali la mshale. Ndovu si kima. Hapo kijiti cha majani hakifai kitu. Lazima sumu ivuke ngozi na kuingia ndani ya tumbo. Kwa hiyo upinde wao ulikuwa mrefu, na mwingine ulihitaji mvuto wa zaidi ya kilo 45, na mshale ulikuwa na kigumba cha chuma kwenye kipande cha mbele kilichoweza kuchomoka na kubaki mwilini. Sumu ya msunguti, ambayo mara nyingi ilipikwa na Wagiriama na kuuzwa, ilipakwa nyuma ya kigumba na kuviringishwa ngozi nyembamba isikauke. Walioandika habari zao wanaeleza namna ya kuikagua: mtu alijikata kidogo, akaacha damu itiririke, akaigusisha sumu mwisho wa mfereji wa damu, na kuangalia weusi unavyopanda kwa kasi, akiufuta kabla haujafika kwenye jeraha. Hapo Wafang na Waata wanatofautiana kwenye kila kitu, upinde, mti, uzito, mnyama, isipokuwa kile kinachofanya kazi yenyewe.

Kila mwindaji wa Kiwaata aliweka alama yake kwenye mishale. Ndovu aliyepigwa huweza kutembea mbali kabla ya kufa, na alama ndiyo iliyosema pembe ni za nani. David Sheldrick na wenzake waliokuwa wakiongoza kampeni walijifunza kuzisoma alama hizo. Mshale uliookotwa karibu na mzoga ukawa na jina la mtu, na watu walikamatwa na kufungwa, kundi baada ya kundi, kwa alama walizozichora wenyewe ili wasidhulumiane.

Mishale ya namna hiyo ilikusanywa kwa wingi kama vidhibiti.