Gome la Mwiria na Baridi ya Irangi

Julai huku Manyatta huja na ukungu. Hushuka kutoka msitu wa Irangi ukafunika mashamba ya chai, hata saa nne asubuhi humwoni jirani anayechuma ng'ambo ya bonde. Katika ukungu kama huo, nikiwa darasa la sita, cucu, nyanya yangu, alinipa panga akaniambia, "Usiguse ule wa karibu na boma. Panda juu, kwa ule uliozoea baridi."

Alikuwa akizungumzia mti wa mwiria. Ukifikicha jani lake linanuka lozi chungu. Gome lake ni jeusi, limepasuka vipande-vipande kama ardhi ya kiangazi. Cucu alilichemsha mpaka maji yakawa mekundu, akampa guka, babu yangu, ambaye kila usiku aliamka mara nne kwenda haja ndogo. Kukata kulikuwa na sheria: ukanda mmoja upande wa macheo, mwingine upande wa machweo, kisha jeraha linapakwa udongo. Anayezungusha panga shina zima ameua mti.

Wafaransa nao waliligundua gome hilo. Miaka ya 1960 Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi dume iliyotokana nalo, na biashara ikaenea Kameruni, Madagaska na hapa Kenya. Wanunuzi walilipa kwa kilo, na anayelipwa kwa kilo hakumbuki macheo wala machweo. Nimeona miwiria imevuliwa gome kuanzia mizizi hadi matawi, imesimama myeupe kama mifupa. Kuanzia 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya mkataba wa CITES, lakini mti uliochunwa hauokolewi na mkataba.

Neno la cucu kuhusu baridi lilinirudia nilipokuwa mwalimu wa biolojia. Mwaka 1997 maabara ya Michael Thomashow, kule Michigan, ilieleza kidhibiti cha jeni kiitwacho CBF, kilichopatikana katika gugu dogo la Arabidopsis. Baridi ikigusa jani, utando wa seli hukakamaa na ayoni za kalsiamu huingia ndani. Protini iitwayo ICE1 huiamsha CBF, na katika dakika kumi na tano tu CBF imekwisha kuongezeka. Nayo hufungua jeni nyingine nyingi, za sukari na za protini zinazolinda utando usipasuke. Katika mimea mingi, vidhibiti vya jamii ya MYB navyo huitikia baridi hiyo hiyo kwa kuamuru rangi na uchungu vitengenezwe. Huenda cucu alilionja hilo kwa ulimi: gome la miti ya juu ni chungu zaidi, alisema, ndiyo maana linatibu.

Kuna jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 1965 mtaalamu Kalkman aliuhamishia mwiria katika jenasi ya Prunus, ukawa ndugu wa mpichi na mplamu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wameitia CBF ya mpichi ndani ya mtufaha: ukavumilia baridi zaidi, na siku zilipofupika ukaacha kukua, ukalala. Kumbe mpichi hupewa taarifa na jua kabla ya majira ya baridi. Huku kwetu, chini ya Mlima Kirinyaga, siku hazifupiki. Mchana joto, usiku baridi, mwaka mzima, na mwiria haupukutishi majani. Ndugu huyu hana msimu wa kujiandaa.

Ndiyo maana uchungu wangu ni kwa miti ya juu. Mbegu za mwiria hazihifadhiki debeni kama mahindi. Baada ya muda mfupi zimekufa. Ghala lake ni mti wenyewe uliosimama, na ndege na nyani wanaobeba matunda yake. Ukichunwa ule wa juu, kizazi kizima kilichochujwa na baridi ya usiku kinakatika.

Ule wa cucu ungalipo. Kovu la upande wa macheo limeziba. La machweo bado linaingiza vidole viwili. Mwaka jana niliokota matunda chini yake, nikayapanda juma lile lile, na miche kumi na mmoja iko kwenye mpaka wa shamba langu la chai.