Kidole cha shahada: Kutoka mifupa ya Olduvai hadi usajili wa simu

KIDOLE cha shahada ni kidole cha pili cha mkono, kilicho kati ya gumba na kidole cha kati. Kina pingili tatu, tofauti na gumba lenye mbili, na kina msuli wake mahsusi unaokiwezesha kunyooka peke yake huku vingine vikiwa vimekunjwa. Ndiyo sababu binadamu hukitumia kuonyesha kitu, tangu akiwa mtoto asiyejua kusema.

Ushahidi mmojawapo wa kale kuhusu kazi ya vidole ulipatikana wilayani Ngorongoro, katika Bonde la Olduvai, ambalo Wamaasai hulijua kwa jina la Oldupai. Mto wa msimu upitao bondeni humo humwaga maji yake katika mbuga ya Olbalbal.

Mwaka 1960 familia ya Leakey ilifukua humo mifupa ya mkono ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.8 iliyopita, pamoja na taya na vipande vya fuvu. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa kiumbe huyo jina la Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi wa mikono. Ncha za vidole vyake zilikuwa pana kama za binadamu wa leo, zikifaa kubana jiwe kati ya gumba na kidole cha shahada, ingawa pingili nyingine zilikuwa nene na zilizopinda, dalili ya kiumbe ambaye bado alikwea miti.

Si wataalamu wote wanaokubali. Wapo wanaodai kuwa mifupa hiyo ya mkono huenda ni ya Zinjanthropus, ambaye fuvu lake lilipatikana bondeni humo mwaka 1959. Hoja hiyo si ndogo hata kidogo, kwa kuwa ikithibitika, jina lenyewe la 'mwenye ustadi' litakuwa limepewa asiyestahili.

Jina la Kiswahili la kidole hiki limetokana na dini ya Kiislamu. Muumini anaposwali hukiinua cha mkono wa kulia wakati wa tahiyatu, akishuhudia kwamba Mungu ni mmoja. Wamaasai nao, ambao huonyesha hesabu kwa ishara za mkono mmoja, hukiinua hicho pekee kumaanisha moja, 'nabo'. Shuleni, mwanafunzi hukinyoosha kuomba ruhusa ya kusema.

Hata hivyo, kukielekeza kwa mtu ni jambo jingine kabisa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kumwonyesha mtu mzima kwa kidole ni utovu wa adabu. Hutumika kiganja kizima, au kidevu. Kiswahili chenyewe kimelihifadhi hilo, kwani watu 'wanaonyosheana vidole' ni wale wanaotupiana lawama.

Katika miaka ya karibuni kidole kimepata kazi nyingine, ya kitambulisho. Nchini Tanzania alama za vidole zilitumika kuandikisha wapiga kura kabla ya Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2015, na kuanzia Mei 2019 zikatakiwa katika usajili wa laini za simu. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa utaratibu huo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020.

Alama hizo ni mistari ya ngozi inayojitokeza tumboni mwa mama na kubaki ileile maisha yote. Kidonda kidogo kikipona, mistari hurudi kama ilivyokuwa. Lakini jembe, mawe, saruji na uzee huilainisha, na mashine hushindwa kuisoma. Kwa mkulima au mjenzi, kidole cha shahada huweza kukataliwa, na mhusika hulazimika kuweka kingine ambacho hakijachakaa.