Karatasi ya Benki na Gauni la Harusi



Mwenzetu mmoja wa Magomeni Mapipa anauza vitu vya harusi kwenye Instagram: madera, mashuka, udi na vyetezo. Kabla ya Ramadhani mteja wa huku Unguja alichagua gauni na shela, akatuma picha ya karatasi ya benki, ina muhuri na tarehe, kuonesha kaweka pesa zote. Dada wa watu akafunga mzigo, akaukimbiza bandarini kuwahi boti. Pesa haijaingia mpaka leo, na mteja hapatikani kwenye simu. Tulipokwenda kumpa pole tukaanza kuulizana: karatasi ilipata lini nguvu ya kumtoa mtu mali yake?

Zamani sana. Imam Malik anasimulia katika Muwatta kwamba Marwan bin al-Hakam alipokuwa gavana wa Madina, watu walipewa hati, sakk, za kuchukulia chakula cha al-Jar, bandari ya Bahari ya Shamu. Hawakusubiri chakula, wakawa wanauziana hati zenyewe. Zayd bin Thabit na swahaba mwengine wakamwendea Marwan kumuuliza kama anahalalisha riba. Marwan akatuma walinzi wazichukue hati mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Wapo wanaosema hata neno cheki limezaliwa na sakk hiyo.

Kwetu Unguja ilikuja hundi, neno la Kihindi. Karne ya 19 tajiri wa Kihindi aliandika hundi Unguja, ikalipwa Bombay, bila mtu kubeba sanduku la fedha baharini. Tharia Topan alimkopesha Tippu Tip mali ya kwenda nayo bara, na pembe zikarudi baada ya miaka. Watu walizipokea karatasi za namna hii kwa sababu nyumba ya mwandishi ilijulikana, ndugu zake walijulikana, na akishindwa kulipa aibu ilienea mji mzima. Mteja wa Instagram hana nyumba tunayoijua. Ana picha ya maua tu.

Mama zetu walizijua hawala za posta, na hizo zilikuwa na tofauti kubwa na hundi: mtumaji alilipa kwanza dirishani, posta ndiyo ikatoa karatasi. Hundi ni ahadi. Ukiipeleka benki yako, lazima benki ya aliyeiandika ijibu kwamba pesa ipo. Tangu 2015 Benki Kuu ina mtambo unaopitisha picha za hundi badala ya kuzisafirisha, kwa hiyo jibu linarudi haraka zaidi, lakini kabla halijarudi bado hujalipwa. Na ile karatasi ya kuweka pesa haifiki hata kwenye ahadi. Ni habari tu kwamba kitu kimefanyika, na habari hutungwa, siku hizi kwa simu tu.

M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008 tulidhani mambo ya karatasi yamekwisha. Sasa tunatumiana picha za ujumbe wa malipo, yale yale.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamuru deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi, ikaachia biashara ya papo kwa papo. Aya inayofuata inamtaja msafiri asiyepata mwandishi, naye ana rehani. Tulipomsomea dada yetu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akasema yeye hakuwa na mwandishi wala rehani, alikuwa na haraka ya boti.

Siku hizi anachukua nusu ya bei kabla hajashona, na mzigo hautoki Magomeni mpaka afungue salio lake mwenyewe aione pesa. Wateja wawili wamemnunia. Mmoja karudi.