Kwa nini ndani ya filamu za Korea mtoto anapotea kila mara? Maoni ya mtazamaji wa kawaida

Mimi si mjuzi wa filamu. Naangalia filamu za Korea kama wengi wetu: jioni, kazi ikiisha, kwenye telefoni ya mtu mwingine, ikiwa betri ingali na nguvu. Zinatufikia kwa flashi na kwa kadi za memori, mara nyingi zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili huko Tanzania, sauti ya mtafsiri ikifunika sauti za wachezaji. Ndivyo wengi hapa walivyomjua Jumong, yule mfalme wa zamani ambaye televisheni ya MBC ya Seoul ilimwonyesha kwa vipindi 81, mwaka 2006 hadi 2007. Kuna vijana mtaani kwetu wanaoijua jamaa ya Jumong kuliko ukoo wao wenyewe.

Juma lililopita tulikuwa watu kama kumi na wawili kwenye ua wa jirani yangu, anayezipokea jamaa mbili zilizokimbia vita. Tulikuwa tukiangalia filamu ambamo mama anamtambua binti yake kwa kovu la mkononi, baada ya miaka mingi. Vijana wakacheka, wakasema: "Tena!" Lakini mama mmoja mzee, kati ya wale waliokimbia, hakucheka. Akaniuliza: "Baba, wewe unayesoma, niambie. Mbona kwa hawa Wakorea mtoto anapotea kila filamu? Kwao watoto wanapotea hivyo?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, walipotea kweli, na wengi. Ninayoandika hapa ni jibu lile, nikiwa nimetulia kidogo.

Korea ilikuwa nchi moja. Japani iliitawala kutoka mwaka 1910 hadi 1945. Wajapani waliposhindwa katika vita ya pili ya dunia, Urusi na Marekani wakaigawa vipande viwili, mmoja akakalia kaskazini na mwingine kusini. Tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 1950 jeshi la Kaskazini likavuka mpaka. Mji wa Seoul ulichukuliwa, ukakombolewa, ukachukuliwa tena, ukakombolewa tena. Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa jambo hilo linafanya nini kwa wakaaji. Hata Waafrika walifika kule: Ethiopia ilituma askari wake wa kikosi cha Kagnew. Silaha zilinyamaza tarehe 27 mwezi wa saba mwaka 1953, lakini mkataba wa amani haukutiwa sahihi, na hadi leo bado.

Katika mambo yote ya vita ile, moja linanirudia sana akilini. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1950, wakati wa baridi kali, makumi ya maelfu ya raia walijazana kwenye bandari ya Hungnam, huko kaskazini, wakitafuta meli ya kuwapeleka kusini. Meli moja ya mizigo ya Wamarekani, Meredith Victory, iliyokuwa na nafasi ya abiria 12 tu, ilipakia watu 14,000. Walisimama wamebanana siku kadhaa, na watoto watano wakazaliwa njiani. Walishushwa kwenye kisiwa cha Geoje. Kati ya waliopanda kulikuwa na mume na mke ambao baadaye walizaa mtoto kisiwani, na mtoto huyo, Moon Jae-in, akawa rais wa Korea ya Kusini mwaka 2017. Lakini wengine waliachwa kwenye ufuko. Mkono ulishikwa, halafu mkono ukaachana. Wengi walidhani watarudi baada ya majuma machache.

Sasa sikilizeni vizuri sehemu hii, kwani ndiyo iliyonifanya niandike. Miaka 30 ikapita. Mwaka 1983 televisheni ya taifa ya Kusini, KBS, iliamua kufanya kipindi cha kuwasaidia watu waliopotezana wakati wa vita. Kilianza usiku wa tarehe 30 mwezi wa sita, siku ambayo sisi tunakumbuka uhuru wetu. Kilipangwa kudumu dakika 95. Watu wakaja kwa wingi hata kipindi hakikuweza kufungwa. Wakaendelea usiku kucha, kesho yake tena, hadi tarehe 14 mwezi wa kumi na moja: siku 138, na jumla ya saa 453 na dakika 45 hewani.

Kila mmoja alikuja na kibao kifuani au mkononi. Aliandika jina la anayemtafuta, kama analikumbuka. Wengine hawakukumbuka hata jina lao la kweli, kwani walipotea wakiwa na miaka mitatu au minne. Basi waliandika walichonacho: jina la utani, kovu la moto, jina la mtaa, kazi ya baba, mti uliokuwa mbele ya nyumba. Kuta za jengo la KBS zilijaa karatasi hadi zikateremka kwenye njia ya barabarani. Mtu alisimama Seoul, mwingine kwenye kituo cha mji mwingine, picha zao zikawekwa pamoja kwenye kioo kimoja, wakaanza kuulizana. Baba alikuwa anafanya kazi gani? Tulipotezana wapi? Una alama gani mwilini? Halafu kilio. Watu 53,536 walionekana katika kipindi hicho, na waliopatana walikuwa 10,189. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliyaweka mafaili na video hizo katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Ukihesabu, utaona kwamba mmoja kati ya watano hivi alipata wake. Wanne walirudi nyumbani na kibao chao. Na wale ambao ndugu zao walibaki Kaskazini hawakuwa na la kuuliza, kwani kipindi hakikuvuka mpaka.

Kwa hiyo mimi, kwa maoni yangu ya mtazamaji tu, naona mwandishi wa filamu wa Korea anayeweka kovu mkononi mwa binti hatungi sana. Watu wazima wa nchi ile waliwahi kuona jambo hilo nyumbani mwao, kwenye televisheni ileile. Mwaka 2000 KBS ilionyesha Autumn in My Heart, ambamo watoto wawili wa kike wanabadilishwa hospitalini. Mwaka 2002 ikaja Winter Sonata, kijana anayedhaniwa amekufa anarudi na jina jingine, akiwa amesahau kila kitu. Mwaka uliofuata NHK ya Japani ikaionyesha, na akina mama wa Kijapani wakaanza kupanda ndege kwenda kuona mahali ilipopigwa picha. Wengine watasema kusahau kila kitu baada ya ajali ni uvivu wa mwandishi, na mara nyingi ni kweli. Nimechoka na gari lile linalotokea ghafla barabarani kila kipindi cha kumi. Nimechoka pia na mtoto wa tajiri anayempenda msichana maskini, na mama mkwe anayeleta bahasha ya pesa ili msichana aondoke. (Mke wangu anasema bahasha ile msichana angeipokea kwanza, mapenzi yatafuata.)

Kuna wazee wetu wanaosema hizi ni habari nyepesi, zinaharibu vijana. Hata Korea walisema hivyo. Mwaka 1954, vita ikiwa imeisha mwaka mmoja tu, gazeti moja la Seoul lilichapa hadithi ya kila siku, Jayu Buin, ya mwandishi Jeong Bi-seok: mke wa profesa anaanza kwenda kwenye dansi na kutafuta uhuru wake. Profesa mmoja wa sheria aliishambulia vikali, akaifananisha na majeshi ya adui. Watu wakaendelea kuisoma, na mwaka 1956 ikawa filamu. Leo ni mambo yaleyale, gazeti tu ndilo limebadilika kuwa telefoni: What's Wrong with Secretary Kim ilianza kama hadithi ya kusomwa kwenye intaneti, ikawa katuni, halafu mwaka 2018 ikawa filamu ya televisheni. Mimi sioni ubaya mtu aliyetoka vitani kusoma habari za mapenzi. Asome nini, habari za vita?

Iliyo bora zaidi kwangu si ya mapenzi, wala si ya vipindi vingi. Ni Ode to My Father, ya mwaka 2014, iliyouza tiketi zaidi ya milioni 14 kwao. Inaanzia Hungnam. Kijana anapanda kamba ya meli, mdogo wake wa kike yuko mgongoni, na mkono unaachana. Anaishi maisha yote na deni hilo. Kisha unafika mwaka 1983, naye anasimama mbele ya kamera na kibao chake.

Nilimsimulia yule mama hadi hapo. Naye ana mjukuu wa miaka sita ambaye hakuonekana tena tangu siku ya kukimbia. Jina lake limekwisha kutangazwa redioni, na Msalaba Mwekundu walimwandikisha. Akaniuliza kama walioandikishwa kule Korea ili kuwaona ndugu zao wa Kaskazini walifika. Nilimwambia ukweli: wamejiandikisha zaidi ya watu 130,000, wengi wao wamekwisha kufa, na mara ya mwisho waliporuhusiwa kukutana uso kwa uso ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2018, kwenye mlima Kumgang, kwa siku chache tu.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba mjukuu ana alama ya kuungua kwenye goti la kushoto, na kwamba siku ile hakuisema redioni kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Asubuhi nilimsindikiza kituoni, tukaiongeza. Jioni akataka tuangalie ile filamu ya Hungnam hadi mwisho.