Huzuni ya Nani? Waimbaji wa Nyimbo za Mwenge katika Revyu za Broadway, 1921–1933

Katika Kiingereza cha Marekani, mtu anayeendelea kumpenda asiyempenda husemwa kuwa amebeba mwenge. Kutokana na usemi huo, nyimbo za mapenzi yasiyorudishwa zilizovuma katika kumbi za Broadway, jijini New York, baada ya Vita Kuu ya Kwanza ziliitwa nyimbo za mwenge. Historia ya wanawake walioziimba mara nyingi husimuliwa kama historia ya ndoa zilizovunjika. Makala haya yanaitazama kwa upande mwingine: yanachunguza ni mwanamke yupi aliyepewa nafasi ya kuhuzunika jukwaani, na kwa msiba gani. Hoja yake ni kwamba nguvu ya nyimbo hizo ilitegemea sana habari za magazeti ambazo hadhira ilikuja nazo ukumbini, na kwamba mwaka 1933 Ethel Waters aliutumia utegemezi huohuo kuliingiza suala la mauaji ya Wamarekani Weusi katika sanaa iliyokusudiwa kuburudisha.

Muundo wa revyu unaeleza chanzo cha utegemezi huo. Revyu ni onyesho la nyimbo, dansi na vichekesho visivyounganishwa na kisa kimoja. Florenz Ziegfeld aliijengea umaarufu mkubwa kupitia maonyesho yake ya Follies, yaliyoanza mwaka 1907. Katika tamthilia, mhusika hujengwa tukio baada ya tukio; katika revyu, mwimbaji alikuwa na dakika chache tu kati ya kichekesho kilichopita na dansi iliyofuata. Hakuwa na kisa cha kuegemea. Pengo hilo lilizibwa na hadhira yenyewe, kwa yale iliyoyajua kuhusu mwimbaji.

Fanny Brice ni mfano wa wazi. Alizaliwa New York mwaka 1891 katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya uhamiaji, na tangu mwaka 1910 alijulikana katika Follies kwa kuchekesha. Mwaka 1921 aliimba “My Man”, wimbo uliotokana na “Mon Homme” wa Kifaransa, ambao Mistinguett alikuwa ameuimba jijini Paris mwaka uliotangulia. Ni wimbo wa mwanamke asiyeweza kumwacha mwanamume anayemtesa. Brice aliuimba bila mzaha wowote, na hadhira ilikuwa na sababu ya kumwamini: mumewe, Nicky Arnstein, alikuwa ameshtakiwa katika kesi ya wizi wa hati za dhamana iliyoandikwa sana magazetini, na ambayo baadaye ilimpeleka gerezani. Maneno ambayo yangeweza kuwa ya mwanamke yeyote yalisikika kama ushahidi wake mwenyewe. Mchekeshaji akakubalika kuwa mwimbaji wa majonzi, lakini kwa gharama: sauti yake ilipewa uzito kwa sababu aibu ya nyumba yake ilikuwa imeanikwa hadharani.

Mwishoni mwa muongo huo, nyimbo za mwenge zilizidi kuchota kutoka katika muziki wa bluzi wa Wamarekani Weusi. Katika The Little Show ya mwaka 1929, Libby Holman aliimba “Moanin’ Low” katika mandhari ya Harlem. Helen Morgan, aliyevuta macho ya wengi katika revyu ya Americana mwaka 1926, aliigiza mwaka uliofuata nafasi ya Julie katika tamthilia ya muziki ya Show Boat, mwanamke chotara ambaye ndoa yake inahesabiwa kuwa kosa la jinai mara asili yake inapofichuliwa. Wote wawili walikuwa Wazungu. Walisifiwa kwa kuonyesha uchungu ambao sheria na desturi za ubaguzi hazikuwahi kuwatwisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: jukwaani mzigo huo ulibebeka, na baada ya onyesho uliweza kuwekwa chini.

Ethel Waters, aliyezaliwa Chester, Pennsylvania, na kukulia katika umaskini, hakuwa na uwezekano huo. Alipitia kumbi za burudani za watu Weusi kabla ya kushirikishwa katika As Thousands Cheer, revyu ya Irving Berlin na Moss Hart iliyofunguliwa katika ukumbi wa Music Box mwezi Septemba 1933. Onyesho hilo liliundwa kwa mfano wa gazeti, kila kipande kikitanguliwa na kichwa cha habari. Kabla ya wimbo “Supper Time”, kichwa kilitangaza kwamba mtu Mweusi asiyejulikana ameuawa na umati wenye hasira. Kisha alionekana mwanamke anayeandaa chakula cha jioni, asiyejua atawaambiaje watoto kwamba baba yao hatarudi tena.

Kwa umbo, huu ni wimbo wa mwenge: mwanamke yuko peke yake, na mwanamume wake hayupo. Maneno yenyewe hayataji mauaji. Ni kichwa cha habari kinachoyapa maana. Kwa hiyo, gazeti ambalo mwaka 1921 lilikuwa kichwani mwa watazamaji liliwekwa jukwaani mwaka 1933, na badala ya kufichua siri za mwimbaji likaishtaki jamii. Zaidi ya hayo, wimbo unalisahihisha gazeti. Aliyeitwa “asiyejulikana” anajulikana: ana mke, ana watoto, ana nafasi yake mezani.

Uzito wa kitendo hicho hupimwa kwa mazingira yake ya kisiasa. Mswada wa Dyer dhidi ya mauaji ya umati ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1922, lakini ukakwamishwa katika Seneti. Wimbo wa Waters haukubadilisha sheria, na katika onyesho hilohilo aliimba pia “Heat Wave”, wimbo wa kuchangamsha. Hata hivyo, kwa dakika chache katika ukumbi wa starehe, mjane Mweusi alipewa nafasi ambayo revyu ilikuwa imezoea kumpa mwanamke aliyeachwa na mpenzi. Kwa msingi huo, historia ya nyimbo za mwenge haikamiliki kwa kuhesabu mapenzi yaliyovunjika pekee. Inapaswa kuuliza pia ni vifo vya nani vilivyohesabiwa kuwa vinastahili kuliliwa.